Nyota nne na nusu kwa watabiri wa Dakota, na ile nusu nimeikata makusudi

Kila ikifika Juni naulizwa swali lile lile na Wabongo, Wakongo na Warundi wanaohamia huku Fargo, North Dakota, Marekani, pamoja na madereva wanaopitisha trela zao barabara kuu ya I-94, eti natumia apu gani kujua kama joto kali linakuja au kama kuna radi, na jibu langu huwa haliwafurahishi maana wanategemea niwatajie kitu cha kulipia chenye rangi rangi. Mi natumia ya serikali. National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, weather.gov, bure kabisa, hakuna tangazo hata moja, haikuombi namba ya kadi, na sura yake imekaa kizamani mpaka unahisi umepotea njia. Basi nimeamua niandike review moja ndefu niwe nawarushia hii hii, kwa sababu huduma yenyewe ni nzuri kuliko watu wanavyodhani ila ina namna yake ya kusomwa, na ukiisoma vibaya utaishia kusema hawa jamaa waongo.

Kwanza niwaweke sawa kuhusu huku. Nikisema huku namaanisha tambarare za kaskazini, yaani North Dakota, South Dakota, upande wa magharibi wa Minnesota na mashariki ya Montana, ardhi bapa, hakuna mlima wala msitu wa kuzuia kitu, na mtu aliye nyumbani akisikia North Dakota anawaza theluji tu. Sawa, theluji ipo. Ila sikia hii, mwaka 1936 mwezi wa pili mji wa Parshall ulishuka mpaka nyuzi 60 chini ya sifuri za Farenhaiti, ambayo ni kama hasi 51 za Selsiasi, halafu Julai 6 mwaka huo huo, jimbo hilo hilo, mji wa Steele ukapiga 121, yaani 49 na kitu za kwetu. Nyuzi mia moja za tofauti ndani ya miezi mitano. Rekodi zote mbili za jimbo bado zinasimama mpaka leo. Kwa hiyo mtu anayekwambia "huku hakuna joto" mwache aendelee na maisha yake.

Na joto la huku sio lile kavu la Dodoma, ni fukuto. Julai 19, 2011 pale Moorhead, ng'ambo tu ya mto kutoka Fargo, nukta ya umande, kipimo cha unyevu uliomo hewani, ilifika 88 za Farenhaiti, kama 31 za Selsiasi, na wenyeji wa Dar na Mombasa mnaojua jasho la Februari niwaambie tu hiyo ni zaidi ya hapo, jasho linatoka na halikauki, linakutembelea tu mgongoni. Sehemu ya unyevu huo inapanda kutoka Ghuba ya Meksiko kwa upepo wa kusini, na sehemu nyingine inatoka kwenye mahindi. Ndio, mahindi haya haya. Ekari moja ya mahindi yaliyokomaa inaweza kutoa lita elfu kumi na moja mpaka elfu kumi na tano za maji hewani kwa siku, sasa wewe fikiria mashamba yanayoanza hapa mpaka Iowa yote yanahema kwa pamoja mwezi wa saba.

Tuje kwenye huduma yenyewe. Tuanze na joto maana hapo ndipo wanapokula alama zote. Wimbi la joto sio kitu cha kushtukiza, linakuja na mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa juu ya nchi kama siku kadhaa na kompyuta zao zinauona mapema, hivyo wakikuambia Jumatatu kwamba Jumamosi itakuwa balaa, panga kazi zako kwa hilo. Unaingia kwenye ukurasa, unabonyeza ramani pale pale unapoishi au unapofanyia kazi, sio jina la mji tu, unapewa utabiri wa kipande hicho kwa siku saba, na chini kuna grafu ya saa kwa saa ambayo mimi ndiyo naipenda kuliko vyote kwa sababu inakuonyesha joto, unyevu, upepo na "joto la kuhisi" kwenye mistari tofauti. Mfano nyuzi 90 za Farenhaiti ukichanganya na unyevu wa asilimia 70 mwili unahisi kama 105, yaani 32 zinakuwa kama 41. Na wasichokuandikia kwa herufi kubwa ni kwamba hesabu hiyo ni ya kivulini! Ukiwa juani inaweza kuongezeka mpaka nyuzi 15 nyingine za Farenhaiti. Vijana wa kuezeka mapaa na wale wa kupakua trela yadini, hiyo namba mnayoiona kwenye simu sio yenu, yenu iko juu zaidi.

Kuna kitu kingine wanaita HeatRisk, tangu 2024 kinafanya kazi karibu nchi nzima, kina rangi tano kuanzia kijani mpaka ile pinki iliyokolea, na uzuri wake ni kwamba hakiangalii namba peke yake, kinaangalia kama joto hilo ni la kawaida kwa msimu huo na eneo hilo, limekaa siku ngapi, na usiku unapoa au haupoi. Hilo la usiku ndilo linaloua watu. Mzee anayeishi ghorofa ya tatu bila eya kondishen anaweza kuhimili mchana mmoja, usiku ukigoma kupoa mara mbili tatu mfululizo moyo unachoka. Pia tangu Machi 2025 wamebadilisha jina la onyo lao kubwa la joto, zamani lilikuwa Excessive Heat Warning sasa ni Extreme Heat Warning, kwa hiyo ukiona jina jipya usidhani ni kitu kipya.

Lawama yangu kwenye joto ni ndogo, Farenhaiti. Kuna mahali unaweza kubadili ila lazima ulitafute.

Sasa radi, na nikisema radi namaanisha dhoruba nzima, ngurumo, upepo na mvua ya mawe. Hapa ndipo watu wanapogombana na utabiri, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kuna siku unaamka, jua linachoma, simu inasema nyuzi 97 na kuna kipicha cha wingu lenye radi kimeandikwa asilimia 30. Mtu anasoma anasema aah asilimia 30, hakuna kitu, anaacha gari nje. Mwingine anasoma hiyo hiyo anasema mvua itanyesha kidogo. Wote wamesoma vibaya, na kosa kubwa ni la kipicha. Kwa sababu huku joto linafanya kazi mbili zinazopingana. Joto na unyevu wa chini ndio mafuta ya radi, hayo yapo tele, lakini juu yake, kama kilomita mbili tatu hivi, kunakuwa na tabaka la hewa ya moto na kavu inayotelezea kutoka nyanda za juu za magharibi kule milima ya Rocky, na hilo tabaka linakaa kama mfuniko wa sufuria, hewa ya chini inataka kupanda inagonga hapo inarudi. Wenyewe wanaita cap. Mfuniko ukishika mpaka usiku hupati hata tone, unabaki na fukuto lako. Ukiachia saa kumi na moja jioni, nguvu yote iliyokuwa inajikusanya tangu asubuhi inafumuka kwa mkupuo na wingu linapanda kilomita kumi na tano ndani ya muda mfupi tu. Kwa hiyo ile 30 maana yake sio mvua kidogo. Maana yake ni pengine hakuna kitu kabisa na pengine ni mvua ya mawe ya barafu ya ukubwa wa ngumi.

Na utajuaje ni ipi kati ya hizo? Soma maneno. Kila ofisi yao ina ukurasa unaitwa Forecast Discussion, sisi wa Fargo tuko chini ya ofisi ya Grand Forks, katikati na magharibi ya North Dakota ni Bismarck, South Dakota wana Aberdeen, Rapid City na Sioux Falls. Pale mtabiri mwenyewe, binadamu, anaandika anachofikiria, mara kadhaa kwa siku, na anasema kabisa "sina uhakika kama mfuniko utavunjika, kompyuta hii inasema ndio ile inasema hapana, ukivunjika tegemea mawe makubwa kati ya saa fulani na saa fulani". Kingereza chake kina vifupisho vingi na mwanzo utachoka, ila baada ya wiki mbili tatu unazoea. Huo ukurasa mimi peke yake naupa nyota tano. Hakuna apu ya kulipia niliyowahi kuona inayokuambia mtabiri anasitasita wapi, zote zinakupa namba moja kwa kujiamini kama mganga wa stendi.

Juu ya ofisi hizo kuna kituo cha radi cha taifa, Storm Prediction Center, kipo Norman, Oklahoma, hawa wanatoa ramani ya nchi nzima yenye ngazi tano tangu 2014. Kijani iliyoiva ni ya kwanza, njano ya pili, chungwa ya tatu, nyekundu ya nne, na pinki kali ya tano ambayo huku kaskazini huioni mara kwa mara. Ramani ya leo inatoka saa saba usiku kwa saa zetu za kiangazi, halafu inarekebishwa saa mbili asubuhi, saa tano na nusu, saa tisa alasiri na saa mbili usiku. Mimi naangalia ya saa tano na nusu. Kwa nini? Kwa sababu puto la asubuhi, lile linalorushwa kupima joto na unyevu na upepo huko juu, linakuwa limeshapanda kama saa moja asubuhi, wameshaona ule mfuniko una unene gani, na radi za usiku uliopita zimeshamaliza fujo zake. Ya saa saba usiku ni nzuri kwa kupanga, ya saa tano na nusu ni ya kuamua.

Kitu kimoja kuhusu asilimia zao, msizidharau. Wakisema asilimia 15 ya upepo wa kuharibu wanamaanisha uwezekano huo ndani ya maili 25, kama kilomita 40, kutoka pale uliposimama. Ukichagua siku yoyote tu ya kiangazi bila mpango uwezekano huo ni mdogo sana, kwa hiyo 15 ni kubwa, na 30 ni ya kuingiza gari gereji na kuwaambia watoto wasiende mbali na nyumba. Na mawe ya huku sio yale ya Kericho yanayopiga majani ya chai, Julai 23, 2010 kijiji cha Vivian, South Dakota lilianguka jiwe la barafu lenye kipenyo cha inchi nane, sentimita 20, uzito karibu kilo moja kasoro. Hilo ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Marekani. Weka sahani ndogo ya chai mezani uipime kwa rula, utanielewa.

Sasa niwaambie kwa nini mi hii huduma naiheshimu hata ikikosea. Juni 20, 2025. Kuba la joto, ule mgandamizo mkubwa wa hewa niliousema, lilikuwa linajipanga kuja juu ya eneo letu wikendi ile, tahadhari za joto zilikuwa zimeshatoka, na kama kawaida radi mbaya hazikai katikati ya joto, zinatembea pembeni yake, kwenye ukingo wa juu. Zikaanzia magharibi, jioni zikashika kasi, na usiku tonado ikapiga karibu na mji wa Enderlin, kusini magharibi ya Fargo, watu watatu wakafariki, mabehewa ya treni ya mizigo yakang'olewa kwenye reli, na behewa moja la tangi likarushwa mbali kabisa. Radi zile zile zikaendelea mashariki na baada ya saa sita usiku zikaibomoa misitu na mapaa ya Bemidji, Minnesota kwa upepo ulionyooka, sio tonado, upepo tu. Mwanzoni waliipa ile tonado ngazi ya EF3, kwenye kipimo cha nguvu za tonado kinachoishia EF5, halafu wataalamu wakakaa na hesabu za yale mabehewa, nguvu gani inahitajika kulinyanyua behewa na kulitupa, na Oktoba 2025 ofisi ya Grand Forks ikatangaza ni EF5, upepo wa zaidi ya maili 200 kwa saa. Ya kwanza ya ngazi hiyo Marekani nzima tangu ile ya Moore, Oklahoma, Mei 2013.

Na tarehe hiyo sasa. Juni 20, 1957 ndiyo siku tonado kubwa ilipoupiga mji wa Fargo wenyewe, na baadaye ikaingizwa kwenye ngazi ya juu kabisa. Profesa Fujita wa Chicago alikuja, akakusanya picha ambazo wakazi walikuwa wamepiga, akazipanga dakika kwa dakika, na kutokana na kazi ile ndiyo tukapata majina kama wall cloud, lile wingu linaloning'inia chini ya dhoruba, ambayo mpaka leo watabiri wanayatumia. Miaka 68 kamili katikati. Ni bahati mbaya tu ya kalenda, katikati ya Juni ndio msimu wenyewe, ila wazee wa hapa wakiisema unaona wanavyotikisa kichwa.

Tofauti ya 1957 na sasa ni onyo. Na hapa wageni wengi wanachanganya, kwa hiyo niseme taratibu. Ikija Watch ni angalizo, linatoka Norman, linafunika eneo kubwa kwa masaa kadhaa, maana yake mazingira yameiva, endelea na shughuli ila ujue utakimbilia wapi. Ikija Warning ni onyo, linatoka ofisi ya hapa hapa Grand Forks, linachorwa kama kipande kwenye ramani sio kaunti nzima, maana yake rada imeona au mtu ameona, ingia besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Na huyo "mtu ameona" sio maneno ya hewani, kuna raia wa kujitolea wanafundishwa bure jinsi ya kutazama mawingu na kupiga simu, mafunzo yanaitwa Skywarn, yeyote anaweza kwenda na mimi nashauri sana nendeni hata kama Kingereza chako ni cha kuokoteza, picha zinajieleza.

Halafu kuna hili ambalo nikimwambia mtu anashtuka. Ile kelele ya simu inayolia hata ukiwa umeweka kimya, onyo la tonado linaipiga, sawa. Lakini onyo la radi ya kawaida HALIIPIGI. Radi inahesabiwa kali ikifika upepo wa maili 58 kwa saa, kama kilomita 93, au mawe ya inchi moja, ila simu yako italia yenyewe tu kama upepo ni maili 80 au mawe ni ya ukubwa wa mpira wa besiboli, utaratibu huo upo tangu Agosti 2021. Waliweka hivyo ili watu wasichoke na kelele wakazima, nawaelewa. Lakini dereva wenzangu, trela tupu la futi 53 kwenye upepo wa ubavuni wa maili 65 huko kati ya Jamestown na Bismarck, unajua linavyokuwa jepesi, na simu yako imekaa kimya kwa mujibu wa sheria. Disipacha, yule anayekupangia safari, yuko Chicago anakuuliza kwa nini umepaki. Mwambie kuna onyo, mtumie picha ya ramani, usibishane.

Na msiniambie mna apu. Kuna moja ya kulipia, siitaji jina, nilikuwa nayo msimu mzima, inakuambia kwa dakika, "mvua itaanza baada ya dakika 12", unajiona mjanja. Siku ya mawe ikanitumia ujumbe wa "radi inakaribia" wakati kioo cha mbele kimeshapata nyufa na boneti ina mabonde, na kesho yake ikaniomba niipe nyota. Ile apu inachukua data za serikali hizi hizi tunazozungumzia, inazipaka rangi, inakuuzia, na katikati hapo inachelewa. Nimeifuta.

Ving'ora navyo msivitegemee ukiwa ndani. Vile vimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje, mashambani na viwanjani, ukiwa umelala na eya kondishen inanguruma huvisikii. Na tukiwa kwenye ving'ora, kila mwezi vinajaribiwa, mchana kweupe jua linawaka, na hakuna aliyewaeleza wageni. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyetoka Kivu, mara ya kwanza kavisikia katoka na watoto wawili mkononi na khanga moja ananiuliza, "Mwanangu, hii inalia nini, tukimbie wapi?" Nikamwambia, "Mama, leo wanajaribu tu, shikamoo, rudi ndani, kikilia siku mbingu imekuwa nyeusi ndiyo ushuke besimenti." Akakaa kwenye ngazi muda mrefu kabla ya kurudi. King'ora kwa mtu wa kule kina maana nyingine jamani, mtu wa shirika linalopokea wageni angesema hilo siku ya kwanza pamoja na habari za funguo na taka.

Nusu nyota sasa, nimeikatia wapi.

Ya kwanza lugha. Wameweka tafsiri za kompyuta kwa lugha chache, Kihispania, Kichina, Kivietinamu, Kifaransa na Kisamoa, na hata hizo Aprili 2025 zilisimama kwa muda kwa sababu ya mkataba kabla ya kurudi. Kiswahili hakuna. Kisomali hakuna. Wakongo mliosoma Kifaransa mna nafuu kidogo. Huku Fargo na Sioux Falls kuna familia kibao ambazo mtoto wa darasa la nne ndiye anayewasomea wazazi onyo la tonado, na maonyo yenyewe ni sentensi zile zile kila siku, zinabadilika jina la mahali na saa tu, kuzitafsiri sio roketi.

Ya pili macho. Rada ziko mbali mbali, ya kwetu ipo Mayville, nyingine Bismarck na Minot, na kwa sababu dunia ni duara mwale wa rada unazidi kupanda kadiri unavyokwenda mbali, ukifika kilomita mia moja unaangalia zaidi ya kilomita moja juu ya ardhi na kinachotokea chini huko huoni vizuri. Hilo sio kosa la mtabiri. Ila puto ni jambo la kuamua. Machi 2025 walitangaza kusimamisha puto za Rapid City na kupunguza za Aberdeen kuwa moja kwa siku badala ya mbili, sababu upungufu wa wafanyakazi. Sasa we angalia ramani, hewa ile kavu ya mfuniko inatokea magharibi, inapita Rapid City ndiyo inakuja kwetu, unaondoaje kipimo cha pale halafu uniambie utajua mfuniko una unene gani? Setilaiti zinasaidia, ndege zinasaidia, lakini puto ndilo linapita ndani ya tabaka lenyewe kutoka chini mpaka juu.

Ya tatu usiku, na hapa siwalaumu sana. Nyanda zingine radi zinakufa jua likizama, huku baada ya giza kuingia kuna mkondo wa upepo wa kusini unaoongeza kasi kama kilomita moja juu ya ardhi, unaleta unyevu mpya, na radi zilizozaliwa Montana saa kumi jioni zinaungana njiani zinatufikia saa sita usiku zikiwa mstari mmoja mrefu. Kompyuta yao ya masafa mafupi, HRRR, inajisahihisha kila saa na inaigawa ramani kwenye vyumba vya kilomita tatu tatu, ni nzuri, lakini kwenye mistari ya usiku bado inaweza kuiweka kaunti mbili pembeni au masaa mawili nyuma. Mtabiri anajua, anaandika kabisa kwenye yale maelezo kwamba mahali na saa vinaweza kuhama. Wewe ndiye uliyeangalia kipicha ukalala.

Kwa hiyo wale mnaouliza mnunue nini, nunueni redio, sio apu. Redio ya hali ya hewa, wanaita NOAA Weather Radio, zinauzwa dola thelathini na kitu mpaka hamsini kwenye maduka makubwa, inakaa kimya mezani mwaka mzima na inapiga kelele yenyewe onyo likitoka kwa kaunti yako, hata lile la radi ya kawaida ambalo simu haitalii, na haihitaji intaneti. Ukinunua lazima uiwekee namba ya kaunti, la sivyo itakuamsha kwa radi za watu wengine. Fargo na West Fargo ni kaunti ya Cass, weka 038017. Moorhead ni Clay upande wa Minnesota, 027027. Mimi nimeweka zote mbili na za kaunti za magharibi pia maana ndiko radi zinakotokea. Weka na betri mpya kwa sababu umeme ndio wa kwanza kukatika. Kelele yake ni mbaya sana, mwenzako atalalamika mara ya kwanza inalia saa nane usiku, mwambie avumilie mpaka Septemba.